Imani, Lugha na Habari za Maisha: Maandalizi ya Familia za Kimisionari kwa Ajili ya Nyanda za Juu Kusini, 1891–1916



Mhadhara huu ulianzia kwenye daftari. Lilikuwa daftari la shule la kawaida, lenye jalada lililochakaa, nililoonyeshwa sebuleni kwa bibi mmoja katika kata ya Mlandege, mjini Iringa. Nilikuwa nimemwendea kwa jambo lingine kabisa: nilitaka anieleze maneno ya Kihehe yahusuyo ufumaji wa vikapu. Tulipokwisha kuamkiana, yeye akisema “Kamwene” na mimi nikiitikia kwa kigugumizi cha mgeni, aliniuliza kazi yangu. Nilipomjibu kuwa ninafundisha Kiswahili, aliingia chumbani akarudi na daftari hilo. “Baba yangu naye aliandika Kiswahili,” alisema. Marehemu baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mzaliwa wa Ubena, aliyetumwa Uhehe kati ya vita viwili vya dunia. Ndani ya daftari, kwa mwandiko wa kalamu ya wino, alikuwa ameandika habari za maisha yake mwenyewe: alizaliwa kwa nani, alisikiaje Neno, alimwoaje mkewe, na walifungasha nini siku ya kuondoka kwao.

Swali lililonisumbua tangu siku hiyo ni rahisi kulisema. Mtu huyu alijifunza wapi kwamba mtumishi wa Injili anapaswa kuandika maisha yake? Katika kulitafutia jibu nimejikuta nikisoma habari za familia za Kijerumani zilizokuja katika nyanda hizi miaka mingi kabla yake, na hasa jinsi zilivyoandaliwa kabla ya kupanda meli. Hoja yangu ni kwamba, miongoni mwa mengi waliyofundishwa, lililodumu zaidi katika historia ya maandishi ya sehemu hii ya nchi ni zoea ambalo walimu wao hawakulihesabu hata kidogo kuwa ni maandalizi ya Afrika, yaani zoea la kuandika habari za maisha.

Waliokuja mwaka 1891

Mwaka 1891 jumuiya mbili za kimisionari za Kijerumani ziliingia upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa Misheni ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1824, ambayo msafara wake uliongozwa na Alexander Merensky, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi wa kazi huko Transvaal. Ya pili ilikuwa misheni ya Wamoravian wa Herrnhut, iliyowatuma Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Jumuiya hizo zilipatana kugawana nchi. Wamisionari wa Berlin walielekea mashariki na kwa miaka iliyofuata wakajenga vituo Ukinga, Ubena na, baada ya kifo cha Mkwawa mwaka 1898, Uhehe. Wamoravian walibaki magharibi, wakaanzia Rungwe na kuendelea hadi Utengule katika Usafwa mwaka 1895 na Mbozi katika Unyiha mwaka 1899. Ndiyo maana hadi leo mtu akisafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya hutoka katika nchi yenye makanisa mengi ya Kilutheri akaingia katika nchi yenye makanisa mengi ya Kimoravian, na mpaka wenyewe asiuone barabarani.

Baba wa bibi wa Mlandege alikuwa mtoto wa upande wa Berlin. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mhadhara huu itahusu upande wa Herrnhut, kwa sababu huko ndiko zoea ninalolizungumzia lilikokuwa na mizizi mirefu na ndiko lilikozaa matunda ya ajabu zaidi.

Safari yenyewe haikuwa jambo dogo. Wakati huo hapakuwa na njia nyepesi ya kutoka pwani ya Tanganyika hadi Unyakyusa. Msafiri alipita Suez, akateremka pwani ya Msumbiji, akapanda mto Zambezi na mto Shire kwa mashua, akatembea kwa miguu kuyakwepa maporomoko, ndipo akapanda meli ndogo ya Ziwa Nyasa. Georg Martin alikufa kwa homa mwaka ule ule wa 1891, kabla kazi waliyoijia haijaanza. Waliobaki walijenga.

Herrnhut: kanisa la mafundi na waandishi

Ili kuelewa watu hawa waliandaliwaje, yafaa turudi nyuma. Herrnhut ni mji mdogo wa Saksonia ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, katika ardhi ya Mkuu Nikolaus von Zinzendorf. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 1732, mji huo uliwatuma wamisionari wake wa kwanza, Leonhard Dober na David Nitschmann, katika kisiwa cha St. Thomas, kuwahubiria Waafrika waliokuwa watumwa. Mmoja alikuwa mfinyanzi, wa pili seremala. Hawakuwa na shahada ya theolojia, na kanisa lao halikuona kuwa walihitaji. Aliyetumwa alipaswa kuwa na mambo mawili: uhakika wa moyo kwamba ameitwa, na mikono inayoweza kumlisha.

Mtazamo huo ulilegezwa baadaye, lakini haukufutwa. Mwaka 1869 Wamoravian walifungua shule ya wamisionari huko Niesky, mashariki ya Ujerumani. Humo vijana, wengi wao watoto wa wakulima na mafundi, walisoma Biblia, historia ya kanisa, lugha na jiografia, na walitarajiwa pia kujua useremala, kufyatua matofali, bustani na tiba ndogo ndogo. Waliokwenda Rungwe walikuwa wa malezi hayo. Anayetaka ushahidi wake haina haja aende maktaba. Azitazame nyumba za matofali za Rungwe, au asikilize matarumbeta ya Kimoravian Mbeya siku ya Pasaka. Upigaji wa tarumbeta nao ulikuwa sehemu ya malezi ya Herrnhut, na kwa maoni yangu ndio uliopokelewa hapa kwa furaha kuliko masomo yao yote mengine.

Imani ya familia ilikuwa na ratiba. Tangu karne ya 18 Wamoravian walikuwa na neno la kila siku, aya iliyochaguliwa kwa kura na kuchapwa katika kitabu kidogo cha mwaka mzima, ili ndugu wa Greenland na ndugu wa Suriname wasome aya moja siku moja. Kura yenyewe ilitumika katika mambo mazito zaidi. Hadi mwaka 1818 hata ndoa iliamuliwa hivyo: jina la mwanamume na la mwanamke yaliwekwa mbele za Mungu, kura ikapigwa, nao wakapokea jibu. Kufikia wakati wa misheni ya Nyasa desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuachwa, lakini wazo lililokuwa chini yake, kwamba ndoa ya mtumishi si mali yake peke yake, lilikuwa bado hai. Katika jumuiya nyingi za Kijerumani, ile ya Basel ikiwa mashuhuri zaidi kwa jambo hili, kijana alitumwa akiwa mseja, akajaribiwa kwa kazi na homa na lugha, ndipo akaruhusiwa kuoa. Mchumba alimfuata kwa meli. Mara nyingine walikuwa wamefahamiana kwa barua kuliko kwa sura.

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu wanawake hao. Vitabu vya misheni huwataja kama “mke wa ndugu fulani”, kana kwamba walikuja ndani ya mizigo. Lakini mwanamke wa Kimoravian alikuwa amelelewa katika kanisa lenye makundi ya wanawake yaliyojiongoza, yenye mikutano yao, viongozi wao na kumbukumbu zao za maandishi. Alijua kusoma, kuandika na kusimulia habari za nafsi. Tutamkuta mwanamke wa namna hiyo Utengule.

Watoto

Sehemu ya maandalizi iliyokuwa chungu kuliko zote haikuhusu kufika bali kuachana. Familia ya Kimoravian iliyokwenda ng’ambo ilijua tangu mwanzo kwamba watoto watakaozaliwa huko watarudishwa Ulaya kusoma, kwa kawaida walipofikisha umri wa miaka sita au saba hivi. Walipokelewa katika shule za bweni za kanisa, iliyo mashuhuri zaidi ikiwa ya Kleinwelka huko Saksonia. Wazazi wangeweza kukaa miaka kumi bila ya kuwaona. Baadhi hawakuwaona tena.

Mmoja wa watoto wa mfumo huo alikuwa Hans-Windekilde Jannasch, aliyezaliwa Labrador mwaka 1883 kwa wazazi wamisionari na kupelekwa Ujerumani akiwa bado mdogo. Alipokua akawa mwalimu na mwandishi, na maisha yake yote aliandika juu ya malezi hayo ya Herrnhut. Ni huyu huyu ambaye katika miaka ya 1950 aliyahariri na kuyatoa kitabuni maandishi ya maisha ya Traugott Bachmann wa Mbozi. Hivyo kitabu muhimu kuliko vyote kuhusu wamisionari wa Unyiha kimetufikia kupitia mikono ya mtoto aliyejua ndani ya mifupa yake gharama ambayo familia hizo zililipa. Sijui kama msomaji wa kitabu hicho ataliona jambo hili. Mimi siwezi kukisoma bila ya kulifikiria.

Tusiwahurumie wazazi hawa kupita kiasi. Waliamua wenyewe, na waliamua kwa niaba ya wasioulizwa. Walikuwa na sababu zao: homa iliua watoto, na hapakuwa na shule ambayo wao waliiona inafaa. Lakini pia waliamini kuwa kumtoa mtoto ni sadaka, na kwamba anayehubiri juu ya Ibrahimu na Isaka hana haki ya kukwepa mlima ule. Wenyeji waliotazama wakina mama hawa wakiwafungashia watoto mizigo walistaajabu. Katika jamii za nyanda hizi mtoto kulelewa na bibi yake si jambo geni hata kidogo. Kumpeleka mbali kwa watu asiowajua, hilo ndilo lilikuwa geni.

Lugha

Je, walijifunza Kiswahili? Swali hili lina uzito maalumu katika ukumbi huu, na jibu lake si la kutufurahisha sana.

Berlin ilikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki tangu mwaka 1887. Mwalimu wake wa kwanza wa Kiswahili, Carl Gotthilf Büttner, alikuwa yeye mwenyewe mmisionari wa zamani wa Afrika ya Kusini-Magharibi. Pembeni yake walikaa walimu wazawa: Sleiman bin Said, kisha Amur bin Nasur, na baadaye, kuanzia mwaka 1900, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Amur bin Nasur aliandika habari zake mwenyewe, na Büttner alizichapa mwaka 1894 katika mkusanyo wake wa fasihi ya Kiswahili. Miaka michache baadaye, mwaka 1902 na 1903, jarida la Seminari hiyo lilitoa maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kama alivyoyaandika mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujiandaa kwa Kiswahili angeweza kufanya hivyo, na angesoma tawasifu za Waswahili katika lugha yao.

Wamisionari wa nyanda za juu, kwa sehemu kubwa, hawakuifuata njia hiyo. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya pwani, ya misafara, ya askari wa serikali na, zaidi ya yote, ya Uislamu. Waliamini kwamba moyo wa mtu husikia kwa lugha ya mama yake tu. Walijifunza Kinyakyusa, Kinyiha, Kisafwa, Kibena na Kikinga, na walijifunza papo hapo, kwa kuwa Niesky hapakuwa na darasa la Kinyakyusa. Agano Jipya lilichapwa kwa Kinyakyusa mwaka 1908. Lile la Kinyiha, kazi ya Bachmann, lilitoka mwaka 1913. Hiyo ni kazi kubwa kwa muda mfupi, na haikufanywa na Wazungu peke yao. Katika kila meza ya tafsiri walikaa vijana wazawa waliosema, “Hapana, hatusemi hivyo.”

Kuhusu Bachmann nitaongeza machache, maana yeye ni mfano wa mtu ambaye maandalizi yake yalivunjika, na kuvunjika huko kukawa kwa faida. Alifika akiwa na hukumu zake zote tayari: ngoma ni dhambi, mitala ni dhambi, desturi ni giza. Miaka ya kukaa Mbozi na kusikiliza Kinyiha ilimbadilisha. Alikuja kukubali wanaume wenye wake wengi wabatizwe pamoja na wake zao bila ya kuwafukuza baadhi yao, na alipinga tabia ya kuwafanya Wakristo wa Unyiha kuwa nakala za Wajerumani. Ndugu zake wamisionari walimlaumu vikali. Ndiyo sababu kitabu cha maisha yake kina jina la Kijerumani ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulifasiri kuwa “niliwakwaza wengi”.

Makisio yao juu ya Kiswahili hayakutimia. Utawala wa Wajerumani ulikitumia, Waingereza waliofuata nao wakakisanifisha, na makanisa yenyewe yakakipokea. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1937 ilikuwa kazi ya Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, aliyesaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Roehl alijitahidi kuondoa maneno ya Kiarabu kadiri alivyoweza, na hapo tunaona hofu ile ile ya zamani ikiwa imebadili vazi tu. Hata maandishi ya Theodor Meyer wa Rungwe juu ya maisha, mila na desturi za Wanyakyusa yaliwafikia wasomaji wa Mbeya mwaka 1993 kwa Kiswahili. Mtu aliyefanya kazi yake kwa Kinyakyusa na kuandika kwa Kijerumani amerudi nyumbani kwa lugha ambayo kizazi chake kiliiogopa.

Utengule

Sasa nifike kwenye kiini. Miongoni mwa Wamoravian, kila muumini alitarajiwa kuandika habari ya maisha yake, ambayo Wajerumani huiita Lebenslauf. Aliiandika akiwa hai, akieleza jinsi Mungu alivyomwongoza, na ilisomwa mbele ya watu siku ya mazishi yake. Kama hakuwahi kuiandika au kuimaliza, jamaa waliikamilisha. Hifadhi ya nyaraka ya Herrnhut inayo makumi ya maelfu ya habari hizo: za wakuu na za wajakazi, za wanaume na za wanawake. Kijana aliyeomba kutumwa ng’ambo aliandika yake kama sehemu ya maombi, na jambo hilo la mwisho halikuwa la Herrnhut tu. Misheni ya Berlin na nyinginezo za Kijerumani nazo zilidai habari ya maisha kutoka kwa kila mwombaji. Bodi ilitaka kuona kama mtu anaweza kuieleza njia aliyopita.

Utengule palikuwa mahali pa watu waliopita njia mbaya. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Merere wa Usangu alipokuwa uhamishoni kwa kuzidiwa nguvu na Wahehe. Baada ya Wajerumani kuivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, Wasangu hatimaye walirudi kwao, na kituo cha Kimoravian kilichoanzishwa mwaka 1895 kikawa kimbilio la waliobaki bila ya kwao: wajane, watu waliotekwa, watoto waliouzwa na kuuzwa tena kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kwa Wamoravian hili lilikuwa na maana ya pekee. Kabla ya kuja kwao, mfanyabiashara wa Breslau aitwaye Daniel Crakau alikuwa ameliachia kanisa lao wasia wa fedha kwa ajili ya kuwakomboa watumwa wa Afrika, na wasia huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kuja.

Katika kituo hicho aliishi Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari. Wasomi wa ethnografia wanamjua kwa kitabu chake kikubwa juu ya Wasafwa, kilichotoka katika juzuu tatu kati ya mwaka 1926 na 1929. Lakini kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo jingine. Alikaa na wanawake wa Utengule, akawasikiliza, akaandika habari za maisha yao kama walivyozisimulia. Mmoja aliitwa Narwimba, mjane aliyekuwa bibi wa wajukuu, ambaye miaka yake mingi ilikuwa ya kukimbia, kutekwa na kutafuta mlinzi kwa ajili yake na wajukuu wake. Mwingine aliitwa Chisi, aliyetekwa akiwa mtoto na kupitia mikono ya mabwana kadhaa. Pia iko habari ya Msatulwa Mwachitete, kijana wa ukoo wa utawala wa Chitete, aliyeonja utekwa naye. Habari hizo zilichapwa Herrnhut kama vijitabu vya wafadhili wa misheni, na huenda wafadhili hao walizisoma Jumapili mchana wakafuta machozi na kutoa sadaka.

Kama zingekuwa vijitabu vya machozi tu, zingekufa pamoja na wasomaji wake. Mwanahistoria Marcia Wright, ambaye mwaka 1971 alikuwa amekwisha kuandika historia ya misheni za Kijerumani za nyanda hizi, alizirudia, akazichambua, na mwaka 1993 akazitolea kitabu. Alichokionyesha ni kwamba wanawake hawa hawasimulii wokovu kwanza. Wanasimulia hesabu. Nani alikuwa na deni kwa nani. Ndugu yupi angeweza kutoa ng’ombe. Mume yupi alikuwa na nguvu ya kumlinda mke na yupi hakuwa nayo. Ilifaa lini kukimbia na ilifaa lini kuvumilia. Utumwa katika maneno yao hauonekani kuwa mnyororo tu. Unaonekana kuwa hali ya mtu asiye na watu. Sehemu ya wongofu ipo, mara nyingi mwishoni, na mara nyingi fupi.

Kwa nini basi tunazo sauti hizi, wakati vituo vingi vya misheni katika Afrika ya Mashariki, vilivyowapokea watumwa wengi vile vile, vimetuachia zaidi orodha za majina na idadi? Nadhani jibu limo katika malezi ya yule aliyeshika kalamu. Mwanamke aliyekulia katika kanisa la Herrnhut alikuwa amesikia, tangu utotoni, maisha ya mjakazi na ya fundi viatu yakisomwa kaburini kwa heshima sawa na ya mkuu. Alijua kwamba kila mtu anazo habari zinazostahili kuandikwa kuanzia kuzaliwa kwake, kwa mpangilio, kwa majina ya watu na mahali. Alipoketi na Narwimba hakuhitaji kubuni mbinu ya utafiti. Alimwuliza mwenzake kile ambacho kanisa lake lingemwuliza yeye.

Wapo watakaonikumbusha kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa Mzungu, kwamba Kijerumani kilisimama kati ya msimulizi na msomaji, na kwamba nyuma ya kituo palikuwa na dola iliyotoza kodi ya kibanda na, katika vita vya Maji Maji, ikaziteketeza kwa moto na njaa nchi za jirani. Nakubali yote hayo. Mwezi wa Septemba 1905 kituo cha Yakobi huko Ubena kilishambuliwa, na waliokishambulia hawakuona tofauti kubwa kati ya misheni na boma. Walikuwa na sababu. Lakini anayezitupa habari za Chisi kwa ajili hiyo anamnyamazisha Chisi mara ya pili.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wamisionari Wajerumani na familia zao walikamatwa na kuondolewa nchini. Makanisa yalibaki mikononi mwa wazee na walimu wazawa, ambao tayari walikuwa wakitumwa toka kabila hadi kabila: Wanyakyusa kwa Wasafwa, Wakinga kwa Wabena, Wabena kwa Wahehe. Hao nao walikuwa familia za kimisionari. Hakuna bodi ya misheni iliyowahoji wake zao.

Nalirudia daftari la Mlandege. Mwandishi anaeleza kwamba walipewa mwezi mmoja kujiandaa. Mkewe alibeba jembe, chungu, mbegu za maharage na kitabu cha nyimbo. Yeye alibeba Agano Jipya na shoka. Kihehe hawakukijua, ila anasema kuwa kwa Mbena si lugha ya mbali. Mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka saba, walimwacha kwa bibi yake ili asiikose shule. Mstari wa habari hiyo umeandikwa kwa wino hafifu kuliko mingine, kana kwamba kalamu ilikuwa inakauka, na baada yake ukurasa umeachwa wazi.

Nilimwomba bibi ruhusa ya kwenda na daftari nilinakili mjini, kisha nilirudishe. Aliniangalia kwa muda. “Mwanangu,” alisema, “kaka yangu yule alirudi kwetu akiwa mtu mzima mwenye ndevu, mama akamsalimia kama mgeni. Hiki hakitoki. Meza ile pale, kalamu unayo.” Nikakaa mezani kwake siku tatu.